Homoni za mimea kwa mwani wa kula: kuzalisha mbegu bora na kutunza mavuno

Homoni hailishi mwani. Kazi yake ni kuuelekeza: seli zigawanyike, ncha irefuke, jeraha lizibe, spora, yaani chembe ndogo za uzazi, zitoke. Mwani wenye njaa ya nitrojeni, au uliokaa katika maji machafu na mwanga hafifu, hautakua kwa sababu umetiwa homoni kama kinetini. Utabaki vilevile, na pengine utakufa mapema zaidi. Kwa hiyo rekebisha maji, mwanga na mbegu kwanza, homoni zije baadaye, kwa kiasi kidogo, na kwa kazi unayoweza kuitaja.

Mwongozo huu ni wa mkulima wa mwani wa kuliwa mwenye chumba kidogo cha kuzalishia mbegu, yaani vipande vya mwani au chembe za uzazi za kuanzia shamba, hata kama ni meza moja yenye taa, pampu ya hewa na chupa kadhaa za kioo. Msimamo wangu niuseme mapema: homoni zitumike kwenye mbegu, zisiwekwe kwenye mwani unaokaribia kuvunwa. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa msingi huo.

Zijue homoni zenyewe

Makundi utakayokutana nayo si mengi. Oksini, kama IAA, IBA na NAA, hurefusha seli na kuchochea sehemu za kushikia mwamba au kamba. Sitokinini, kama kinetini, BAP na zeatini, huhimiza mgawanyiko wa seli na machipukizi, na pia huchelewesha uzee wa tishu. Jiberelini, hasa GA3, hurefusha. Asidi ya absisiki huhusika na dhiki na, kwa baadhi ya mwani, na uzazi. Ethilini ni gesi. Katika mwani wa kijani kama Ulva imeonekana kuongeza utoaji wa gameti, yaani seli za uzazi, jambo ambalo mkulima wa majani halitaki, kwa sababu jani likishatoa gameti hubaki utando mweupe usio na thamani.

Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller walionyesha kwa tishu za tumbaku kwamba uwiano wa oksini na sitokinini ndio unaoamua kitakachoota: oksini ikizidi hutoka mizizi, sitokinini ikizidi hutoka machipukizi, na zikikaribiana hutokea kalasi, yaani bonge la seli zisizo na umbo. Kanuni hiyo ni mwanzo mzuri wa kufikiri, lakini usiihamishe nzima nzima kwenye mwani. Mwani mwekundu na wa kahawia uko mbali sana kiukoo na mimea ya nchi kavu. IAA na sitokinini zimepatikana ndani ya aina nyingi za mwani, ila namna zinavyopokelewa na seli si ileile. Ndiyo maana dozi iliyoandikwa kwa migomba au viazi haifai kunakiliwa, na ndiyo maana utalazimika kujaribu mwenyewe kwa aina yako.

Hatua ya 1: Chagua na safisha mbegu

Chukua ncha changa zenye rangi kamili, zisizo na madoa, zisizo na manyoya ya mwani mwingine juu yake. Kwa kotonii (Kappaphycus alvarezii) au Gracilaria, kata ncha za sentimita 3 hadi 5 kwa wembe mkali. Kisu butu huponda seli, na jeraha lililopondwa ndipo bakteria huingilia. Mwani wa aina hizo ukionyesha weupe kwenye matawi, huo ni ugonjwa au dhiki, na hakuna homoni itakayourudisha. Utupe mbali na shamba.

Piga ncha brashi laini ndani ya maji ya bahari yaliyochujwa, badilisha maji mara kadhaa, kisha ziloweke dakika 2 hadi 3 katika maji ya bahari yenye povidoni-ayodini, dawa ya kusafishia vidonda, ya asilimia 1. Suuza mara tatu kwa maji ya bahari safi. Usitumie maji baridi ya bomba mahali popote katika hatua hii. Seli za mwani zimezoea chumvi, na maji yasiyo na chumvi huzifanya zivimbe na kuvuja.

Ulva unahitaji uangalifu wa aina yake. Mwani huu hauwezi kujenga jani lake bila bakteria. Ukiuosha mpaka ukauondolea bakteria wote, hugeuka bonge la seli lisilo na umbo, hata ukiupa mbolea na mwanga wa kutosha. Bakteria wa jenasi Roseovarius na Maribacter ndio wanaofanya kazi hiyo wakishirikiana: mmoja huchochea mgawanyiko wa seli kwa namna inayofanana na sitokinini, mwingine huchochea kishikio na kuta za seli kwa namna inayofanana na oksini. Dutu mojawapo inayohusika, thalusini, ilitambuliwa mwaka 2005, na hufanya kazi kwa viwango vidogo ajabu. Maana yake kwa mkulima ni ya moja kwa moja: kwa Ulva, acha antibiotiki kabisa, safisha kwa brashi na maji tu, na ukianza tangi jipya, ongeza maji kidogo kutoka tangi la zamani lenye mwani wenye afya. Hapo utakuwa umeutia mwani homoni bila kununua kitu.

Hatua ya 2: Tayarisha maji

Maji ya bahari yachujwe, yachemshwe au yapitishwe kwenye taa ya UV, kisha yapoe. Chumvi iwe kati ya gramu 28 na 35 kwa lita kwa aina nyingi za baharini. Ongeza virutubisho vya mchanganyiko unaoitwa f/2, ambao kwa kila lita una miligramu 75 za nitrati ya sodiamu na miligramu 5 za fosfati, pamoja na madini madogo na vitamini. Diatomu, mwani mdogo usioonekana kwa macho, wakianza kupaka kuta za chupa rangi ya kahawia, dioksidi ya jemaniamu kwa kiasi cha miligramu 1 kwa lita huwazuia. Usiitie kwenye mwani wa kahawia, maana nao huumia.

Joto liwe nyuzi 22 hadi 27 kwa aina za bahari za joto, na 10 hadi 15 kwa jamaa za Saccharina na Undaria, mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Mwanga uwe wa wastani, saa 12 kwa siku, na hewa ya pampu ipige mapovu ya kutosha kuvigeuza vipande polepole. Ukiona vipande vimetulia chini ya chupa, havipati gesi ya kutosha.

Hatua ya 3: Tengeneza mmumunyo mama

Hapa ndipo mizani hukosewa, kwa hiyo tuende taratibu.

Homoni hutumika kwa viwango vidogo mno kuweza kupimwa moja kwa moja kwenye mizani ya kawaida. Unapima kiasi kikubwa kidogo, unakiyeyusha, halafu unagawa kwa pipeti. Pima miligramu 100 za homoni. Kama ni kinetini au BAP, iweke kwenye chupa ndogo na udondoshee matone machache ya hidroksidi ya sodiamu ya moli 1 kwa lita hadi unga wote uyeyuke. Kama ni IAA au GA3, tumia mililita chache za ethanoli. Kisha ongeza maji yaliyotoneshwa hadi ujazo ufike mililita 100, ukikoroga. Sasa kila mililita moja ina miligramu moja. Mililita 1 ya mmumunyo huo ndani ya lita moja ya maji ya bahari ni dozi ya miligramu 1 kwa lita, mililita 0.1 ni dozi ya miligramu 0.1.

Vaa glavu. Andika kwenye chupa jina la homoni, nguvu ya mmumunyo na tarehe. IAA huharibiwa na mwanga na joto, hivyo iweke kwenye chupa ya rangi ya kahawia ndani ya friji, uitengeneze upya kila baada ya wiki chache, na uitie kwenye maji ya bahari yakiwa yameshapoa. Kinetini na NAA huvumilia zaidi.

Kuna homoni moja ya kuiacha kabisa: 2,4-D. Ni oksini, na maabara nyingi za mimea huitumia kutengeneza kalasi, lakini ni dawa ya kuua magugu. Haina nafasi kwenye kitu kitakacholiwa.

Hatua ya 4: Jaribu dozi kabla ya kuamini dozi

Andaa makundi manne: chupa zisizo na homoni, zenye miligramu 0.1 kwa lita, zenye 1, na zenye 5. Kila kundi liwe na chupa tatu au zaidi, kila chupa iwe na vipande vya uzito uleule kutoka mbegu ileile. Chupa zisizo na homoni ni za lazima. Bila hizo hutajua kama kilichokuza mwani ni kinetini au ni hali nzuri ya wiki hiyo. Na kama uliyeyusha homoni kwa ethanoli, tia kiasi kilekile cha ethanoli kwenye chupa hizo pia.

Badilisha maji yote kila wiki na utie dozi mpya. Baada ya siku 14, toa vipande, vikaushe maji ya juu kwa kitambaa kwa muda uleule kila mara, kisha pima. Ukuaji wa siku hupatikana kwa kuchukua logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo) ya uzito wa mwisho, kutoa logi asilia ya uzito wa mwanzo, kugawanya kwa idadi ya siku, na kuzidisha kwa 100. Mfano: chupa yenye homoni ilianza na gramu 10 ikaishia 18, hiyo ni karibu asilimia 4.2 kwa siku. Isiyo na homoni ilianza na 10 ikaishia 15; hiyo ni asilimia 2.9. Tofauti kama hiyo ikijirudia katika chupa zote tatu, dozi yako ina maana. Ikionekana kwenye chupa moja tu, rudia jaribio.

Uzito pekee hautoshi. Hesabu machipukizi, tazama rangi, shika tawi uone kama ni imara. Homoni ikizidi huleta kinyume cha kilichotakiwa: vipande hupauka, hujikunja au huota vinundu badala ya matawi. Ukiona hivyo, shusha dozi mara kumi, usiishushe nusu kwa nusu.

Hatua ya 5: Dondoo la mwani wa kahawia, njia ninayoipendekeza

Kwa anayelima chakula, kuna njia nyepesi kuliko homoni safi. Mwani wa kahawia uitwao Ascophyllum nodosum, unaoota kwenye miamba ya Atlantiki ya Kaskazini, husagwa na kuyeyushwa kwa alkali, kisha hukaushwa kuwa unga. Unga huo una madini, sukari za mwani na dutu zinazochochea ukuaji kama zifanyavyo homoni. Watafiti wa Ufilipino wameutumia sana kwenye kotonii. Ndani ya chupa, miligramu 1 hadi 5 za unga kwa lita, peke yake au pamoja na kiasi kidogo cha oksini na sitokinini, husaidia vipande vidogo kutoa machipukizi mapya.

Kwa mbegu zinazokwenda shambani kazi ni rahisi zaidi. Changanya gramu 0.1 ya unga kwa kila lita ya maji ya bahari. Loweka mbegu kwa nusu saa hadi saa moja, kivulini, ukizigeuza. Zitoe, zifunge kwenye kamba, zipeleke majini siku hiyohiyo. Mbegu zilizoloweshwa hivi zimeonekana kukua haraka zaidi na kushambuliwa kidogo na mwani vamizi wa manyoya, kama Neosiphonia, ambao hung'ang'ania matawi na kuyadhoofisha. Mmumunyo uliotumika unaweza kutumika kwa fungu la pili siku ileile, lakini usiulaze. Bakteria huupenda kuliko mwani unavyoupenda.

Unaweza kuchemsha mwani wa kahawia wa ufukweni ukapata dondoo lako, ila nguvu yake hubadilika kila mara. Ukiamua kufanya hivyo, lijaribu kama ulivyojaribu homoni katika hatua ya 4.

Hatua ya 6: Kutunza mbegu hai kwa muda mrefu

Uhifadhi wa kwanza ni wa mbegu, na hapa elimu ya homoni inalipa kweli.

Jamaa za Saccharina na Undaria wana hatua ya maisha isiyoonekana vizuri kwa macho, gametofiti, nyuzi ndogo zinazoweza kukaa miaka zikiwa hai. Ziweke kwenye maji yenye virutubisho kidogo, kwenye joto la nyuzijoto 10 au pungufu kidogo, chini ya mwanga mwekundu hafifu. Mwanga mwekundu huziacha zikue bila kuzaa, na mwanga wa bluu ndio unaoziamsha kutoa mayai na mbegu za kiume. Hapo unaamua mwenyewe siku ya kuanza msimu.

Kupata spora za kuanzia gametofiti hizo ndiko kunakohitaji ujanja. Jani la Saccharina hukua kutoka sehemu ya chini, karibu na kikonyo. Sehemu hiyo ikiendelea kukua, jani huchelewa kutoa madoa yenye spora. Katika Saccharina japonica imeonekana kwamba oksini huzuia madoa hayo na asidi ya absisiki huyaharakisha. Lakini huhitaji kununua hata mojawapo. Kata jani sentimita kadhaa juu ya kikonyo, tupa sehemu ya chini inayokua, weka kipande kilichobaki kwenye maji ya bahari yenye ubaridi yanayosukwa kwa hewa, na kiwashie mwanga saa 8 tu kwa siku. Umeondoa chanzo cha amri ya kukua, na baada ya wiki kadhaa madoa meusi ya spora hutokea nje ya msimu wake. Kwangu hii ndiyo matumizi mazuri kuliko yote ya homoni katika ukulima wa mwani, maana hakuna kemikali hata tone linaloingia kwenye chakula.

Mwani mwekundu wa Pyropia nao una hatua yake ya siri, nyuzi za konkoseli zinazoishi ndani ya makombe, yaani magamba ya chaza na jamaa zake. Mwingereza Kathleen Drew-Baker ndiye aliyegundua mwaka 1949 kwamba nyuzi kama hizo na majani ya Porphyra, jamaa wa karibu wa Pyropia, ni kiumbe kimoja. Zitunze kwenye makombe au zikielea kwenye chupa, mahali penye mwanga hafifu na baridi ya wastani.

Hatua ya 7: Kusitisha homoni kabla ya mavuno

Mbegu zilizotoka kwenye chupa zenye homoni zikae kwanza kwenye maji safi yanayopita kwa wiki moja au zaidi, ndipo ziende shambani. Huko zitaongezeka uzito mara nyingi, na kilichobaki ndani yake kitazidi kupungua. Usinyunyizie homoni kwenye mwani uliokomaa, wala usiuloweke baada ya kuvuna.

Najua kishawishi kilipo. Tangu 1957 inajulikana kwamba kinetini huchelewesha jani lililokatwa kugeuka manjano, na mtu anaweza kufikiri mwani mbichi utadumu hivyohivyo sokoni. Sitakushauri hilo. Katika nchi nyingi homoni safi huhesabiwa pamoja na viuatilifu, na kila moja inahitaji kibali kwa kila zao. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo pale ambapo hakuna kikomo maalumu kilichotajwa. Mlaji hana namna ya kuona ulichotia, na rangi ya kijani inayodanganya umri wa chakula ni hatari kuliko mwani ulionyauka.

Maji yenye homoni usiyamwage baharini. Yakusanye kwenye chombo, yaache juani, kisha yamwage nchi kavu, mbali na kisima na mfereji.

Hatua ya 8: Kuhifadhi mavuno

Mwani mbichi wa zabibu, Caulerpa lentillifera, una tabia ya peke yake. Mmea mzima ni seli moja kubwa yenye viini vingi, kwa hiyo kila mkato ni jeraha la seli nzima. Baada ya kuvuna, uache kwenye tangi la maji ya bahari safi yenye hewa kwa siku moja au mbili ili majeraha yazibe. Kisha uchuje maji, uufunge kwenye chombo kisichouacha ukauke, uuweke mahali pasipo joto kali. Usiutie kwenye friji, kwani baridi huusinyaza. Maji ya kunywa yasiyo na chumvi yauguse dakika chache tu kabla ya kuliwa.

Mwani wa kahawia kama Undaria uchovye kwenye maji ya nyuzi 80 hadi 90 kwa nusu dakika hadi dakika moja. Rangi ya kahawia itageuka kijani kibichi. Utoe haraka kwenye maji ya baridi, uuchuje, uuchanganye na chumvi ya karibu asilimia 40 ya uzito wake, uuache utoe maji, halafu uufunge na kuuweka kwenye baridi. Kuchovya huko husimamisha vimeng'enya, na vimeng'enya ndivyo vinavyouzeesha mwani.

Mwani wa kukausha, Gracilaria, Ulva au kotonii ya kula, usuuzwe kwa maji ya bahari na utandazwe kwenye chanja au wavu ulioinuliwa, usiwekwe juu ya mchanga. Kivuli chenye upepo hulinda rangi. Jua kali huupausha mwani mwekundu. Mvua ikiunyeshea, kuutandaza tena hakuurudishii kilichovuja. Kotonii ya kiwandani huuzwa ikiwa bado na unyevu wa karibu asilimia 35, lakini wa kula ukaushe zaidi, mpaka jani jembamba livunjike ukilikunja, kisha ulifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa wala mwanga.

Kwa Saccharina, kumbuka ayodini. Ina nyingi kiasi kwamba kipande kidogo kinaweza kuzidi mahitaji ya siku. Kuuchemsha na kumwaga maji hupunguza sehemu kubwa yake, na mwenye maradhi ya tezi ya shingo aambiwe waziwazi kwenye lebo. Lebo hiyohiyo ibebe aina ya mwani, tarehe ya kuvuna na namba ya fungu la mbegu, na daftari lako lionyeshe fungu hilo lilitiwa homoni gani, kwa dozi gani, na lilitolewa lini kwenye chupa.